Nani Alikula Kichwa cha Mbwa

Siku redio ilipotaja jina la mgombea mwenza wa Azaare, dada yangu Ayinpoka aliinuka, akachukua kibuyu changu cha kulia, akakifunika kifudifudi kando ya mafiga. Akarudi kuketi kwenye mkeka, akaendelea kusuka kikapu chake.

Mimi ni mgane. Tangu mke wangu afe nimekula kwa Ayinpoka, ugali wa mtama na mboga ya bamia, na kile kibuyu hakuna mwingine anayekigusa. Kibuyu kikifunikwa, mwenyewe hana kwao pale.

"Dada," nikasema, "hata mimi sikuambiwa."

"Ndilo linaloniuma," akasema. "Ungekuwa umeambiwa ukanificha, ningejua una akili kidogo."

Jina lenyewe lilikuwa Daktari Perpetua Oppong-Darko. Oppong-Darko! Jina la kusini kutoka unyayo hadi utosi, jina la watu wa kakao na nyumba za ghorofa. Na sisi huku juu kaskazini, ambako mvua ikija mara moja tunasema asante, tulikuwa tumemsimamisha mtu wetu Azaare, Mfrafra kama sisi, mhandisi wa mabwawa, agombee urais bila chama. Bila chama! Hatutaki kitambaa cha chama kilichochapwa uso wa mtu. Halafu mtu wetu anatuletea mama wa kusini tusiyemjua hata kwa ndoto.

Mimi sikukaa darasani. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa karanga, nikawa nakula karanga polepole ili nimalize habari. Kwa hiyo nakumbuka. Nakumbuka bwawa lililozinduliwa na mawaziri watatu tofauti na mpaka leo chura hajalala ndani yake. Nakumbuka mapanga na mchele wanaogawa mwaka wa kura, na barabara inayochimbwa mwezi wa kura ikaachwa wazi kama kinywa cha maiti. Wenzangu wananiambia, Atubga, sahau, utakufa na kinyongo. Nasahauje? Wao ndio wanaotegemea nisahau.

Na zaidi ya yote namkumbuka Nsohbila. Huyo naye alisimama bila chama, kugombea ubunge. Alikaa kwenye banda la wasusi, akala ugali wetu, akalia machozi mbele ya kina mama. Ayinpoka, mkuu wa banda, alisimama akawaambia wanawake wa kwetu Zuarungu: mpeni kura. Wakampa. Walimsindikiza na vikapu vipya vichwani, wakicheza. Hata vumbi la ngoma halijatulia, Nsohbila akaonekana amevaa kitambaa cha chama kikubwa, anacheka na wale wale wa mapanga na mchele. Tangu siku hiyo wanawake wa vijiji vya jirani wakikutana na dada yangu kisimani humwimbia: wasusi wa Zuarungu wamesuka kikapu kisicho na kitako. Wimbo mtamu, kusema kweli. Ndiyo maana haufi.

Kwa hiyo nilipomwendea kuhusu Azaare, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nitawaambia wanawake. Lakini nikichekwa mara ya pili, tafuta dada mwingine."

Sasa mwaelewa kile kibuyu.

Bandani, asubuhi ya pili yake, nilikuta midomo imechemka. Lamisi ndiye aliyeongoza. Lamisi husuka kwa mikono miwili na kusema kwa midomo minne.

"Kaka Atubga! Karibu. Tuletee habari za mkwe wetu wa kusini. Anakula ugali au anakula uma na kisu?"

"Wanasema ni daktari," akasema mwingine.

"Daktari wa nini? Wa mifugo!" Lamisi akaangusha nyasi chini. "Nimesikia kwa masikio yangu. Anachanja kuku. Azaare akifa madarakani, tutatawaliwa na mchanja kuku."

"Afadhali yeye. Hawa wengine wanatunyonyoa," akadakia mwenzake.

"Mnacheka," akasema Ayinpoka bila kuinua macho, na kicheko kikafa. "Mtu hana chama, sawa. Lakini mtu bila chama nani atamshika mkono akitaka kuruka? Nsohbila alikuwa peke yake, akaruka peke yake. Nilitegemea huyu wa pili awe mtu tunayemjua, wa kumshika shati. Sasa huyu ni nani? Ni mtu wa kumshika, au ni mlango wa kutokea?"

Mimi nilitoka nje nikampigia Azaare simu.

"Subiri umwone," akaniambia. Alikuwa safarini, sauti inakatika.

"Mhandisi, mimi si bwana harusi wa kuletewa mke kafunikwa shela."

"Subiri umwone, Atubga. Anakuja kwenu siku ya soko. Nilitaka kutangaza atokako, akanikataza. Alisema: wakitaka kunijua wataniuliza." Kisha simu ikakatika. Wahandisi ndivyo walivyo. Wanakujengea ukuta wa bwawa, maneno wanakuachia uokote mwenyewe.

Nilirudi bandani nikasema anakuja siku ya soko. Ayinpoka akasema: "Vizuri. Nitamsikiliza. Akimaliza nitasimama, niseme mbele ya watu wote kama banda liko naye au haliko naye. Sitasema gizani tena." Na kila mwanamke pale alijua, nami nilijua, kwamba banda la Zuarungu likisema hapana, vijiji vyote vinavyosuka vitasema hapana kabla ya magharibi. Kikapu husafiri, na neno husafiri ndani yake.

Chama kikubwa nacho kilijua. Walikuwa wamemleta mtu kutoka kusini kuendesha kampeni yao huku, bwana mmoja Asiamah-Boadu, shati jeupe, gari lenye vioo vyeusi. Alikuwa na mwezi mmoja tu kwetu lakini tayari alitufundisha sisi ni nani. Nilimsikia mwenyewe kwenye pombe ya mtama kwa Mama Laadi, akimweleza mwenzake kwa sauti kubwa, kana kwamba sisi tuliokuwa tumeshika vibuyu vyetu ni mawe: "Hawa wa kaskazini siasa yao ni kabila. Ukitaka kumwangusha mtu, sema kabila lake. Basi."

Nikatema pombe chini. Lakini nilitema bure, sikujua alichokuwa anakipika.

Alichokipika ni hiki. Alimwendea Apusiga. Apusiga anauza nyama ya mbwa nyuma ya soko, na sauti yake ni ya kuita watu wa mji wa pili. Ana mdomo mchafu kiasi kwamba hata Wadagaaba, watani wetu wa huku huku kaskazini, ambao haki yao ni kututukana hata matangani, wakimwona huvuka upande wa pili wa njia. Boadu akaukodi mdomo huo pamoja na spika kubwa juu ya pikipiki ya matairi matatu. Haya niliyajua baadaye. Siku yenyewe ya soko nilichoona ni spika tu, na Apusiga kakaa juu yake kama kunguru juu ya kichuguu, na gari lenye vioo vyeusi limeegeshwa kivulini, kioo kimoja kimeteremshwa nusu. Nikajiambia, Atubga, leo umekwisha.

Vumbi la upepo wa jangwani lilikuwa limeanza, jua limekuwa jeupe kama sahani. Daktari Perpetua alifika na gari la mizigo lililochakaa. Hakuna mchele. Hakuna fulana. Mwanamke mfupi, miwani mikubwa, nywele fupi zenye mvi, kitenge cha kawaida. Kina mama wa banda walikaa mbele, Ayinpoka katikati, mikono imefungwa kifuani.

Akatusalimu kwa lugha yetu, akivunja maneno hapa na pale. Watu wakaitika kwa adabu. Akaanza kusema. Alisema juu ya ugonjwa wa kuku na kanga na jinsi unavyomaliza kizimba kwa usiku mmoja. Alisema juu ya malisho. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa makavu kama mtama wa mwaka juzi. Nilimwona Lamisi akipiga miayo bila kuficha. Nyuma watu wakaanza kuondoka kwenda kununua pilipili.

"Ni mtu mwema," akasema mzee mmoja kando yangu. "Ni mwema kabisa. Kwa kuku."

Ndipo spika ya Apusiga ikaunguruma.

"Watu wa Zuarungu! Mnamjua huyu? Mimi namjua! Hilo jina Oppong-Darko ni shuka la mumewe kajifunika! Mvueni shuka mwone! Huyu ni Mdagaaba! Mdagaaba wa Nandom! Baba yake alikula kichwa cha mbwa, akala ulimi, akala masikio, mpaka meno akayanyonya!"

Soko lote likanyamaza. Waliokwenda kununua pilipili wakageuka na pilipili mkononi.

Nitawaambia kwa nini tulinyamaza. Boadu ndani ya gari lake alidhani tumeshtuka kwa chuki. Hapana. Mfrafra na Mdagaaba ni watani tangu ardhi ilipokuwa laini, na ugomvi wetu ni huo mmoja, siku ile mababu walipochinja mbwa pamoja, ni nani alikula kichwa. Hatujamaliza kesi hiyo na hatutaki iishe. Nilipomzika baba yangu, Mdagaaba mmoja alivaa joho la marehemu, akakaa kwenye kigoda chake, akaiga ubahili wake mbele ya maiti yake, na mama yangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Mtu mwingine angefanya hivyo tungemzika naye.

Lakini utani una sharti moja. Lazima ujibu. Mtani asiyejibu si mtani tena, ni mtu aliyetukanwa hadharani, na aliyemtukana ni mtu mbaya. Na mama huyu alikuwa ameolewa kusini, ameishi kusini, ameongea kama kitabu cha serikali tangu afike. Je, kilikuwa kimebaki kitu chini ya shuka? Vijana wawili aliokuja nao walishaanza kumsogelea Apusiga kwa ngumi zilizokunjwa. Wakimpiga, tumekwisha. Akilia, tumekwisha. Akiita polisi, bora nihame nchi.

Akainua mkono, wale vijana wakasimama. Akavua miwani. Akaifuta taratibu kwa pindo la kitenge, akaivaa tena, akatazama juu ya vichwa vya watu kama anayetafuta mbuzi aliyepotea.

"Nani anabweka huko?" akauliza.

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Nilidhani ni spika imeharibika. Kumbe ni mtumwa wangu! Mfrafra, nani kakufungua kamba? Unauliza kichwa? Kichwa babu yako alikiiba kwenye chungu chetu, kikiwa cha moto, akakimbia nacho chini ya kwapa. Ndiyo maana mpaka leo Mfrafra akitembea hawezi kubana mkono!"

Soko likapasuka. Nasema lilipasuka. Mzee kando yangu alinishika bega asianguke.

"Mwongo!" Apusiga akaruka chini, spika ameisahau, sauti yake haihitaji. "Ninyi Wadagaaba mnakula hata mbwa anayewalindia mlango! Ndiyo maana wezi wakija Nandom, mnabweka wenyewe!"

"Tunabweka, ndiyo. Na tukibweka, Wafrafra wanakuja mbio na sufuria." Alikuwa ameshuka jukwaani, watu wanampisha. "Wewe ndiye Apusiga muuza nyama? Nimesikia habari zako. Mimi nimechanja mbwa wa nchi hii tangu wewe unavaa kamba kiunoni. Unajua kwa nini nachanja kwa bidii hivyo? Kwa sababu najua wengi watafikia kwenye chungu chako. Niliwaonea huruma."

"Sisi?"

"Mbwa."

Lamisi alilala chini. Sitanii, alilala kwenye vumbi, miguu juu. Honi ya gari ikalia, Boadu ametoa kichwa dirishani, uso mwekundu kama mafuta ya mawese. "Mtukane!" akapiga kelele. "Nimekwambia umtukane!"

Apusiga akamgeukia, mikono imetanuliwa, ameonewa kweli kweli. "Bosi, si namtukana! Huoni? Nikizidisha hapa itabidi nipeleke kola za kuombea radhi kwa wazee wake!"

Mama Perpetua naye hakumpa nafasi ya kupumua. Alimfikia, akamvua kofia kichwani, akajivisha mwenyewe juu ya zile nywele za mvi. "Hii imetekwa. Utaikomboa kwa kanga wawili. Na wawe wazima, nitawapima."

"Mama mtani, niachie, jua kali!"

"Kichwa kilichokula kichwa hakiogopi jua."

Niliangalia nyuma. Gari la vioo vyeusi lilikuwa linarudi kinyumenyume kutafuta njia kati ya mafungu ya vitunguu, na wauza vitunguu hawakuwa na haraka ya kuliachia njia. Pesa za chama zilikuwa zimenunua kitu ambacho Apusiga angekifanya bure, akatoa na shukrani. Miaka yote hiyo wanatawala, na hawajawahi kukaa kwenye matanga yetu hata mara moja wakasikiliza nani anamtukana nani.

Lakini Ayinpoka hakuwa amecheka. Nilimwona. Alisimama, na soko likatulia tena, maana kila mtu alijua kwamba sasa ndiyo sasa.

"Mama mtani," akasema. "Umetufurahisha. Nsohbila naye alitufurahisha. Mimi sikuja kucheka. Tulisuka kikapu kisicho na kitako, tukaimbiwa. Huyu Azaare hana chama cha kumwonya. Akishinda, wakimwita usiku wakampa kitambaa chao, nani atamwambia hapana? Wewe? Wewe atakusikiliza kwa nini?"

Mama Perpetua alivua ile kofia ya Apusiga, akaishika mkononi. Uso wake ulibadilika.

"Dada, Azaare ni Mfrafra," akasema. "Mimi ni Mdagaaba. Alipokuja kuniomba, nilimuuliza, kwa nini mimi, hakuna anayenijua. Akaniambia: mke wangu akinikosoa nitanuna. Waziri akinikosoa nitamfukuza. Maaskofu watanikosoa kwa heshima mpaka nisielewe. Nataka mtu mmoja mwenye haki ya kunitukana mbele ya watu, na mimi kwa mila nisiwe na haki ya kukasirika." Akainua ile kofia. "Akivaa kitambaa chao, nitakuja hapa soko hili hili. Nitavaa joho lake, nikae kwenye kigoda chake, nimwigize alivyouzwa, yeye mwenyewe akiwa hai. Na ninyi mtaimba. Anajua. Nilimwambia kabla sijakubali. Alicheka, lakini jasho lilimtoka."

Ayinpoka akageuka kwangu, si kwa yule mama, kwangu mimi, na nikaona pembe ya mdomo wake inatetemeka.

"Atubga," akasema, "Mfrafra mwenzetu kamwomba Mdagaaba amchunge. Kumbe ana akili kuliko wewe." Na hapo akacheka. Kile kicheko cha mama yetu, cha tumboni, ambacho sikukisikia tangu Nsohbila. Wanawake wote wa banda wakainuka naye. "Banda liko naye!" akasema kwa sauti. "Liko naye, na tutamhesabu meno kila akifungua mdomo!"

Wakamwimbia. Ule ule wimbo wa kikapu, lakini Lamisi, kajaa vumbi mpaka kope, aliugeuza papo hapo: kikapu kimepata kitako, kitako kimetoka Nandom. Wanawake wa vijiji vya jirani waliokuja sokoni, wale wale wa kisimani, wakaitikia. Mimi nilikaa chini juu ya gunia la mtu. Nilikuwa nimebeba kitu tangu siku ya redio na sikujua uzito wake mpaka kiliposhuka.

Sisemi tumeshinda. Uchaguzi ni mwezi ujao na najua wanavyohesabu. Azaare akigeuka nitakumbuka, na nitakuwa wa kwanza kumpelekea yule mama joho. Lakini jioni ile nilikwenda kwa dada yangu kabla jua halijazama, nikapita mlangoni nimeinamisha kichwa kama mgeni, nikakuta kibuyu changu kimekaa sawa, mdomo juu, mvuke unatoka.

Kando yake kulikuwa na kibuyu kingine, kipya.

"Hicho ni cha nani?" nikauliza.

"Cha Mdagaaba. Amesema atapita kuaga." Ayinpoka alisukuma mboga mbele yangu. "Kula upesi, mdogo wangu. Wale hawaachi kitu."